Wa Chini Aseme Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na angekusalimu vizuri zaidi kama asingekuwa amepanda juu ya kiti akipigilia msumari. Ile picha uliyotuma, umesimama chini ya bawa la ndege na kofia kichwani, ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, pale palipokuwa na cheti changu cha chuo. Usidhani cheti kimetupwa. Kimehamia ukutani karibu na stoo, ambapo mtu akifuata ufagio anaweza kukisoma.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu tumeshaiona. Tukipigiana, Mama anasimama pembeni ananong'ona, "Muulize kama anakula," na sisi tunaishia kuulizana chakula kama wagonjwa wa wodi moja. Barua itakuja na mfuko wa ofisi ndani ya ndege hiyo hiyo unayoirusha. Utakuwa tarishi wa barua yako mwenyewe.

Kwangu hakuna jipya. Bado ni karani wa zamu kwenye chumba cha mipango ya safari hapa makao makuu. Chumba kina dirisha moja, na dirisha linatazama ukuta. Kutwa napokea taarifa za hali ya hewa, nazipanga, nawasomea marubani wa vituo vyote kwa simu. Wananiambia, "Haya, asante," wanakata. Hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Mkuu wa ofisi huniuliza kama chai imechemka.

Wiki iliyopita ndege yenu iligeuka njiani tena. Hapa mmeshapewa jina: Nenda-Rudi. Mhasibu alisema abiria wenu wapewe kadi ya uanachama, maana wamekuwa wenyeji wa kule kule wanakotoka. Nilicheka. Nilicheka kuliko wote, halafu nikagundua wenzangu hawacheki, wananitazama, kwa sababu wanajua wewe ni mdogo wangu.

Sina nia mbaya, nauliza tu. Anayeogopa ni wewe au ni huyo kapteni wako mzee? Maana mimi nilikuzidi alama za darasani, hilo unalijua. Nilikataliwa urubani kwa sababu pale kwenye mashine ya mazoezi ya kurusha ndege mtahini aliponiuliza, "Sasa ungefanya nini?" niliganda. Waliniambia rubani hagandi. Sasa naona wanaogeuza ndege ndio walioitwa hodari, na mimi niliyeganda nasoma mawingu kwenye karatasi.

Jitunze. Kula.

Dada yako


Jumapili, 10 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako nimekabidhiwa na Shangazi. Si shangazi yetu. Ni mhudumu wetu wa ndege, mtu mzima, kampuni nzima inamwita hivyo. Alinipa akisema, "Chukua mzigo wako, ni mzito huu, karibu niutoze."

Nimeusoma. Ni mzito kweli.

Nitakujibu ulichouliza. Mara zote mbili aliyesema turudi ni mimi.

Ngoja nikueleze huyu mzee wangu. Wanamwita Babu Breki, na yeye anajua, na hajali. Si malaika. Akishindwa drafti ananuna mpaka kesho yake, na hadithi ya injini iliyozimika amenisimulia mara nyingi mpaka naijua kuliko yeye. Ila ana sheria moja. Mbingu isipoeleweka, iwe tuko chini au tuko juu, yeye hafungui mdomo. Anauliza kuanzia chini. Kwanza Shangazi, kisha mimi, yeye anakuwa wa mwisho. "Wa chini aseme kwanza." Anasema mkubwa akishatoa kauli, mdogo anabaki na kazi ya kuitikia. Na akitokea mmoja tu wa kusema turudi, tunarudi. Haulizwi sababu mpaka magurudumu yasimame.

Siku ya kwanza nilimchokoza. Nikamwambia, "Kapteni, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Akasema, "Wahenga hawakurusha ndege. Huku juu asiyesikia la mdogo ndiye anayevunjika guu, pamoja na miguu yote iliyokaa nyuma yake."

Basi nikasema turudi, tukarudi. Abiria walitusonya mpaka mlangoni. Mmoja mwenye suti alisema kwa sauti, ili nisikie, "Ndiyo matokeo ya kumpa mtoto usukani." Babu Breki alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwomba radhi kila anayeshuka. "Uamuzi ni wangu, mzee. Nisamehe, mama. Ni mimi." Hakunitazama hata mara moja, wasije wakajua ni nani.

Kuna jambo sikutaka kukwambia. Asubuhi simu ya hali ya hewa ikilia, Kapteni huuliza kwanza, "Nani zamu?" Akiwa mwingine, anasikiliza huku anakoroga chai. Ukiwa wewe, anaweka kikombe chini na kuchukua kalamu. Juzi alisema, "Huyu hasomi karatasi. Huyu anaona wingu." Mimi nakaa naye bega kwa bega siku nzima, Dada, mistari mitatu ya rubani msaidizi mabegani, na hajawahi kunisifu hivyo.

Sijui kwa nini nimekuandikia. Labda ili usidhani huku napigiwa makofi.

Chiriku


Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Huyo Kapteni wako akitaka kunisifu namba ya ofisi anayo. Sihitaji sifa za kupitishwa mlango wa nyuma, tena na mtu anayezitoa kwa uchungu kama anang'olewa jino.

Lakini hebu fikiria nilivyosoma barua yako. Wewe unalalamika kwamba hujasifiwa, na wakati huo huo kila siku kuna mtu mwenye mvi na mistari minne ya ukapteni anakugeukia na kukuuliza, "Unaonaje?" Unaulizwa kabla yake! Mimi nimeikariri mvua ya nchi nzima. Naweza kukwambia wingu la asubuhi litakuwa wapi jioni. Anayeulizwa ni wewe, na jibu lako wewe siku zote ni turudi.

Mama aliniuliza kwa nini mligeuka. Nikamwambia umeogopa. Akaacha kukunja nguo, akasema, "Mwanangu haogopi." Hakusema Chiriku haogopi. Alisema mwanangu, kana kwamba anaye mmoja. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Nitakwambia lile ninaloona, kwa kuwa wengine wanakuonea haya. Rubani anayegeuka kila akiona wingu ni abiria aliyevaa kofia. Ile kofia kuna walioililia.

Dada


Jumanne, 2 Aprili

Dada,

Nimechelewa kuandika. Pengine umeshasikia ofisini, lakini ofisini mtakuwa mmesikia kwamba ndege ilitikiswa kidogo. Haikuwa kidogo.

Ilikuwa Jumatano mchana. Mbele yetu palikuwa na wingu kubwa, limesimama peke yake, jeupe juu na jeusi chini. Babu Breki akauliza. Shangazi alikuwa nyuma ana abiria mgonjwa, akasema kwa simu ya ndani, "Mimi sioni huku, nawaachia nyie." Ikabaki kwangu.

Nilikuwa nimeshaliona lile wingu, Dada. Rada ilikuwa nyekundu katikati. Ulimi ulikuwa tayari kusema tugeuke. Ndipo nikakusikia wewe, sauti yako ile unayonisomea nayo mawingu, ikisema abiria aliyevaa kofia.

Nikasema, "Twende."

Akaniangalia. "Una hakika?"

Nikasema, "Twende, Kapteni. Tutapita pembeni."

Hatukupita pembeni. Tuliingia tukarushwa kama punje kwenye ungo. Watu walipiga kelele, kisha wakanyamaza, na ule unyamavu ulinitisha kuliko kelele. Shangazi alikuwa amesimama akimfunga mkanda yule mgonjwa. Akarushwa hadi darini, akaanguka juu ya mkono wake. Alijikokota kwenye simu ya ndani akasema maneno mawili tu: "Kapteni, turudi." Tukarudi.

Mkono umevunjika mahali pawili. Wanasema huenda asiweze tena kuinua mizigo.

Magurudumu yaliposimama, Babu Breki alimwendea Shangazi kwanza, mbele ya abiria wote, akamwambia, "Nimekuvunja mkono. Nisamehe." Kisha akanikalisha. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema, "Mimi pia niliona lile wingu. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechekwa wiki nzima, nilitaka kufika. Ndiyo maana nauliza, mwanangu. Nauliza ili mnizuie. Kwa nini ulisema twende?"

Ningemwambia nini, kwamba dada yangu ameniandikia barua?

Wewe uliniita Chiriku kwa sababu utotoni nilikuwa sinyamazi. Siku hiyo moja niliyotakiwa kupiga kelele, nilikusikiliza wewe.

Mdogo wako


Jumanne, 9 Aprili

Chiriku,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Kila nikiandika nisamehe, sentensi ya pili inaanza kujitetea.

Nisamehe. Naishia hapo, nisije nikaharibu.

Nimempelekea Shangazi salamu kupitia ofisi ya wafanyakazi. Sikusema mimi ni nani.

Lazima nikueleze jambo lililotokea jana, kwa sababu nikilificha litaoza ndani yangu. Nilimpigia Babu Breki taarifa ya asubuhi, kama kawaida. Nikamaliza, nikasubiri "haya, asante". Hakukata. Akasema, "Karani, nimebadilisha sheria yangu. Nilikuwa naanzia kwa mhudumu. Sasa naanzia kwako. Wewe ndiye wa chini kabisa. Unaonaje?"

Niliganda. Kama siku ile kwenye mashine. Nikaona mkuu wa ofisi anainua macho.

Akasema, "Nasubiri. Simu ni ya kampuni."

Nikamwambia naona mnaweza kuruka, ila mpite upande wa mashariki, kwa kuwa upepo unaisukuma mvua magharibi. Akasema, "Umesikika." Mkaruka. Mlipotua salama nilikwenda chooni nikanawa uso, na nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu.

Lakini ile "wa chini kabisa" ilinichoma, sitakudanganya. Mimi niliyekufundisha kuhesabu. Nimeulizwa kwanza kwa sababu hata mhudumu aliyevunjika mkono ni mkubwa kwangu.

Mama ameniambia mtihani wako wa ukapteni ni tarehe 26. Utakaa kiti cha kushoto, kile cha kapteni, Babu Breki kulia, na mtahini nyuma yenu. Mama ameshawaambia majirani. Ameshapima ukutani fremu ya pili itakaa wapi.

Nimetazama ratiba. Tarehe 26 zamu ni yangu. Nimejaribu kubadilishana na wenzangu, hakuna aliyekubali. Mmoja aliniuliza, "Kwani unaogopa nini? Si mdogo wako?"

Naomba siku hiyo kuwe na jua. Naomba kwa nguvu kuliko wewe.

Dada


Jumamosi, 27 Aprili

Dada,

Umefurahi?

Mtahini alifunga mkoba wake, akaondoka kwa gari. Hatarudi mpaka mvua zikatike, na akirudi kuna wenzangu wawili mbele yangu kwenye foleni. Abiria wamerudishwa nyumbani. Mimi nilivua kofia nikakaa kwenye kiti cha kushoto, injini zimezimwa, kama mtoto aliyeachwa ndani ya gari.

Na unajua kilichofuata? Ndege ya kampuni ile nyingine, iliyokuwa imesimama jirani yetu, iliwasha ikaondoka. Ikapita. Ikafika. Tuliambiwa na mnara wa kuongozea ndege kwamba imetua bila tatizo. Abiria wetu walisikia. Yule wa suti alikuwepo tena, akasema, "Wenye marubani wameshafika."

Sauti moja tu ilisema isiruke. Yako. Msaidizi wa Shangazi, anayeshika nafasi yake, akasema twende. Kapteni akaniuliza mimi, nikasema twende. Yeye mwenyewe hakuhitaji tena kusema kitu, kwa sababu sheria ni sheria, mmoja anatosha.

Nilipomwambia Mama alilia, halafu akauliza kama ulikuwa zamuni. Nikamwambia ndiyo. Nadhani unajua alichokuwa anafikiria, kwa sababu ndicho ninachofikiria mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Usiniandikie kuhusu mawingu.

(Sina la kusaini)


Jumanne, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Umesema nisikuandikie kuhusu mawingu. Sina kingine cha kukuandikia, kwa hiyo vumilia, au ichane.

Mama hajanisemesha tangu Ijumaa isipokuwa kuniambia chakula kiko mezani.

Asubuhi ile palikuwa na mstari wa mawingu ya radi umelala kati ya kwenu na mnakokwenda. Katikati palikuwa na mwanya. Kila taarifa mpya ilipoingia, mwanya ulikuwa mwembamba kidogo kuliko kwenye taarifa iliyotangulia. Uwanja wa akiba, ule ambao mngeukimbilia, ulikuwa umeanza kushika ukungu. Maana yake mkiukosa mwanya hamna pa kwenda. Wale wa kampuni nyingine walipita. Kama mwanya ulifunga nyuma yao au haukufunga, sijui, na hakuna atakayejua, maana hakuna aliyerudi kuutazama. Sina ushahidi, Chiriku. Nimeutafuta kwenye kila taarifa ya siku ile nikitaka nione dhoruba kubwa ya kunitetea. Hakuna. Kuna mvua ya wastani na ukungu uliokwisha kabla ya saa sita.

Sasa sikiliza lile lililonitesa, ambalo halimo kwenye taarifa.

Kapteni aliponiuliza, "Karani, unaonaje?" nilikuwa na jibu mdomoni, nikaogopa. Nilijiuliza: huyu aliyekaa kiti cha kushoto angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningesema hivi hivi? Nilitafuta jibu moyoni sikulipata. Nilichokiona humo ni ile fremu ya pili. Niliona Mama anavyoifuta vumbi kwa kanga yake. Na chini ya hapo, mdogo wangu, kulikuwa na kitu kinachotaka usipate. Kipo. Sikukitengeneza wala sikukialika, lakini kipo, na kilikuwa kimesimama pale pale lilipokuwa limesimama lile wingu. Sikuweza kuona lipi liko mbele ya lipi.

Kunyamaza kungekuwa rahisi. Ningesema tu rukeni, na wote mngesema dada mtu ana moyo safi.

Nikamwambia hivi: "Kapteni, huyo ni mdogo wangu na ninamwonea wivu. Nimemwonea wivu tangu siku alipofaulu. Usinisikilize mimi peke yangu."

Nikadhani atacheka au ataomba karani mwingine. Akasema, "Wivu wako si hali ya hewa. Nieleze wingu."

Nikamweleza wingu. Nilipofika kwenye ukungu wa uwanja wa akiba sauti ilinitoka vizuri, sikuganda. Nikamaliza, "Mimi naona isiruke."

Akasema, "Umesikika."

Ndivyo ilivyokuwa. Sikusema kwa moyo safi. Nilisema na wivu wangu wote, na bado nikasema. Kama ningengoja mpaka niwe mwema ndipo nifungue mdomo, mngekuwa mmesharuka.

Huenda nilikosea. Huenda umekosa mstari wa nne kwa sababu ya mwanya uliokuwa unatosha. Ukiniuliza kesho nitasema vile vile, na kesho pia sitajua kwa nini.

Dada yako, ukinitaka


Jumatano, 8 Mei

Shikamoo Dada,

Barua yako sikuichana. Nilimpa Shangazi ashike, nikamwambia asinipe mpaka hasira ziishe. Ana bendeji mpaka kwenye kiwiko na anakuja kituoni kila siku kutuambia tunafanya kazi vibaya bila yeye. Alikaa nayo siku mbili, akanirudishia. "Hasira zako haziishi," alisema, "na mimi nina mkono mmoja tu, siwezi kushikilia ujinga wa watu."

Uliyoyasema kwenye simu nilikuwa nimeshayasikia. Hukujua, lakini simu ilikuwa kwenye spika. Siku za kawaida Kapteni anashika mkonga. Siku ile aliiweka mezani ili mtahini asikie sheria inavyofanya kazi. Kwa hiyo sote tulikusikia. Ninamwonea wivu. Msaidizi wa Shangazi aliinamisha macho. Mtahini aliacha kuandika. Mimi masikio yaliwaka moto, nikawaza, hata wivu wangu kwake ni wa siri na wake unatangazwa kwa ujasiri.

Na hata baada ya kukusikia, nilikuandikia ile barua ya tarehe 27, nikijifanya kwamba sikukusikia ukiutaja wivu.

Sikukwambia ilivyokuwa kabla ya simu yako. Niliamka mapema nikatoka nje. Ule upande wa kusini ulikuwa na rangi nisiyoipenda, kama chuma kilichoungua. Nilikwenda kiwanjani nikisema moyoni, leo hapana. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomwambia mtahini usoni: naahirisha. Nilijivunia hata. Nilisema, hapa ndipo watakapoona ukapteni wangu.

Kisha ukapiga wewe, na ukasema kabla yangu.

Kapteni akanigeukia. "Na wewe?"

Nikasema, "Twende."

Magurudumu hayakuwa yamesogea, kwa hiyo sababu niliulizwa hapo hapo. Nikamwambia naona mwanya unatosha. Babu Breki akasema, "Umeuona wapi? Hujatazama dirishani." Kweli, sikutazama dirishani. Nilikuwa natazama simu.

Angekuwa zamu mtu mwingine, Dada, ningesema isiruke. Nilisema twende kwa sababu aliyesema hapana ni wewe. Mimi, niliyemvunja Shangazi mkono kwa ajili ya neno lako, nilikuwa tayari kuwabeba abiria wale wote ili neno lako lisiwe la kwanza. Yule aliyeruka akafika simwonei gere. Ninayemwonea gere ni wewe, kwa sababu ulikuwa na wivu ukausema, mimi nikauvalisha kofia.

Kuhusu mtihani nitangoja foleni. Mtahini aliniambia wakati anafunga mkoba, "Nikirudi nitakuuliza swali moja tu la leo." Analijua yeye, nami nalijua: kwa nini nilisema twende. Nimeanza kulifanyia mazoezi jibu na kila mara linanishinda.

Mama nimempigia. Nimemwambia kwamba nilikuwa nimepanga kuahirisha mwenyewe. Alisema, "Basi dada yako amekusaidia." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Lilinitoka kama mwiba wa samaki. Nenda kamuulize kama chakula kiko mezani, atakujibu zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza la mwisho. Siku ile ile, baada ya abiria kuondoka, Kapteni alinipa ujumbe nikufikishie wewe. Hapa kituoni kwetu wanataka msimamizi wa safari, mtu wa kukaa nasi kiwanjani, kuzungumza na marubani ana kwa ana kabla ya kila ndege kuondoka, na kusaini pamoja nao. Hana mamlaka ya kukuajiri, lakini alisema, "Mwambie yule karani aombe, na nitakwenda kumsemea mwenyewe." Maombi yanafungwa Ijumaa. Ujumbe huu nimeukalia tangu siku ile. Asubuhi nasema nitaandika, jioni nasema mfuko wa barua umeshaondoka.

Ukiipata kazi hiyo, nitakuona kila siku ukisimama mbele ya dirisha linalotazama mbingu. Babu Breki ataweka kikombe chini, atakuuliza wewe kwanza, mimi nitasubiri zamu yangu. Kuna siku utasema hapana na nitakuchukia mpaka chakula cha mchana.

Mfuko unafungwa sasa hivi, Shangazi amesimama mlangoni ananipigia miluzi.

Omba, Dada. Nitaumia ukiipata. Omba hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Chiriku